Sarufi 14 kwa 15, shairi 5 kwa 20: kisa cha mwanafunzi mmoja wa Kiingereza Kisumu

Mwanafunzi ninayemzungumzia alikuwa kidato cha tatu katika shule ya kutwa ya mseto pembezoni mwa jiji la Kisumu, upande wa Nyalenda. Mimi ndiye mwalimu wake wa Kiingereza. Jina lake silitaji wala la shule, ila yeye na mama yake wanajua kwamba ninaandika, na wamekubali majibu yake yaelezwe. Katika mtihani wa katikati ya muhula alama zake za karatasi ya pili zilikuwa hizi: ufahamu 13 kwa 20, dondoo la kitabu teule (kitabu cha fasihi kilichowekwa kwa mtihani) 9 kwa 25, shairi 5 kwa 20, sarufi 14 kwa 15. Jumla 41 kwa 80.

Kwa walio nje ya Kenya, au waliomaliza shule zamani: katika mfumo wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo kikuu), ulioanza 1985, Kiingereza cha sekondari na fasihi yake hufundishwa kama somo moja. KCSE ya Kiingereza, yaani mtihani wa kumaliza sekondari, ina karatasi tatu zenye jumla ya alama 200. Karatasi ya pili ndiyo inayokutanisha pande zote mbili kwa saa mbili na nusu, usomaji na fasihi zikitangulia, sarufi ikiwa mwisho.

Ni ile 14 iliyonifanya nisimame kwenye karatasi ya binti huyu. Anayepata 5 kwenye shairi na 6 kwenye sarufi, shida yake inajulikana: lugha yenyewe haijamkaa, na dawa yake ni kusoma na kuandika kwa wingi. Huyu lugha ilikuwa imemkaa. Sehemu ya sarufi humtaka mtahiniwa aandike sentensi upya kwa kufuata maagizo: iweke katika kauli ya kutendwa, ianze kwa "Never", igeuze iwe usemi wa taarifa, ziunganishe mbili kwa "although". Hayo anayafanya upesi kuliko yeyote darasani. Mpe "I have never seen such a crowd", mwambie aanze na "Never", na kabla chaki haijatua atakwambia "Never have I seen such a crowd", kitenzi kisaidizi kikiwa mbele ya kiima bila kukumbushwa. Lakini sentensi hiyo hiyo akiikuta ndani ya hadithi, kinywani mwa mhusika, hana la kusema juu yake. Kuitengeneza anajua. Hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini mtu aamue kuitengeneza hivyo.

Chumba cha walimu kilikuwa na maelezo yake tayari. Hasomi, alisema mmoja. Si kweli, riwaya alizoazima maktaba mwaka ule ni nyingi, na 13 ya ufahamu si ya mtu asiyesoma. Hapendi mashairi, alisema mwingine. Huenda, lakini ni nani anayependa kitu kinachompa 5 kila mara? Nilichukua karatasi yake nikakaa nayo nyumbani, nikisoma majibu yenyewe badala ya alama.

Shairi la mtihani lilihusu mtu anayerudi kijijini baada ya miaka mingi ughaibuni. Swali moja, lenye alama nne, liliwataka wataje mbinu mbili za kimtindo na kuzifafanua kwa mifano. Yeye aliandika kwamba mshairi ametumia takriri sauti na urudiaji, na kwamba zinalifanya shairi livutie na likumbukike. Swali la toni, aliandika toni ni ya huzuni kwa sababu nafsineni, yaani anayesema ndani ya shairi, ana huzuni. Swali la kuonyesha mtazamo wa nafsineni kuhusu kijiji, aliandika kwamba nafsineni anakipenda kijiji kwa sababu ni kwao.

Hakuna sentensi hata moja hapo iliyo mbaya kisarufi. Na hakuna hata moja inayohitaji shairi lile ili iandikwe. Ungeweza kuondoa shairi, ukaweka lingine la mtu mwingine na kijiji kingine, na majibu yakabaki yalivyo. Namna hiyo ya kujibu watoto hawaizuki. Wanaikuta kwenye vijitabu vya mwongozo, ambavyo huweka mbinu upande mmoja na "umuhimu wake" upande wa pili, kana kwamba takriri ina kazi moja duniani, na wanaikariri wakiamini ndiyo fasihi. Nina uchungu na vijitabu hivyo na sioni haja ya kuuficha. Mtoto aliyekariri safu ile ana jibu kabla hajafungua shairi, kwa hiyo macho yake hayana kazi ya kufanya.

Nikaona kwamba mwanafunzi huyu ana chombo kikali mkononi ambacho hajui kama kinafaa upande huu wa karatasi. Kuandika upya ndiko kunakoonyesha sentensi ingeweza kuwa vipi, na fasihi haichambuliki mpaka mtu aone kwamba mwandishi alikuwa na njia nyingine akaiacha.

Tulianza kukutana jioni baada ya michezo. Mazungumzo yalikuwa kwa Kiswahili, na Dholuo kidogo. Maandishi yalikuwa kwa Kiingereza. Wapo wenzangu wasioafiki, wanaosema Kiingereza hujengwa kwa Kiingereza. Katika darasa zima nakubaliana nao. Lakini mtu anayejaribu kuona jambo kwa mara ya kwanza umwache alione kwa lugha ambayo haimgharimu kitu, maneno ya mtihani yatafuata.

Sikumpa shairi. Niliandika mwenyewe kifungu kifupi cha nathari, kisicho na tashbihi wala istiari ya kunyakua, ili orodha ya vijitabu isimsaidie:

"The stalls were removed before dawn. Nothing was said to anyone. By seven the road had been swept, and the town was clean. Then the woman came with her basin of omena and stood where her table used to be. She stood. She measured out the fish, tin by tin, for nobody."

Kila mtu wa Kisumu anakijua kisa hicho bila kuelezwa: vibanda vimeondolewa alfajiri, barabara imefagiwa, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, amefika na beseni lake akakuta hapana meza.

Nilimpiga marufuku kutaja mbinu yoyote. Nikamwandikia agizo moja, kwa maneno yale yale ya karatasi ya mtihani: andika upya sentensi ya kwanza katika kauli ya kutenda.

Akashika kalamu, akaandika "removed the stalls before dawn", akaacha nafasi mbele. Akakaa. Mtu ambaye hufanya zoezi hilo kwa sekunde chache alikaa muda mrefu, kisha akasema, "Madam, hii haiwezekani. Hakuna 'by'."

"Kwa hiyo unakosa nini?"

"Mtenda. Siwezi kuanza sentensi bila mtenda. Labda nimbuni."

"Mbuni, nyathina," nikamwambia, yaani mwanangu.

Aliandika "The county removed the stalls before dawn." Akaitazama. Akaandika ya pili, "Some men removed the stalls", na ya tatu, "They removed the stalls". Nikamuuliza zimetofautiana vipi na ile ya kwenye kifungu, na jibu lake nililiandika papo hapo: "Kwa hii ya kaunti, sasa kuna mtu wa kulaumiwa. Kwa ya mwandishi, hata ukikasirika hujui umkasirikie nani."

Huo ulikuwa uchambuzi wa fasihi, na alikuwa ameufanya kwa kushindwa zoezi la sarufi. Katika daftari la mazoezi sentensi za kutendwa huja na mtenda wake, "The letter was written by Juma", kwa sababu aliyetunga zoezi anataka ugeuzaji ukamilike. Watu nje ya daftari hufuta "by" hiyo kwa makusudi. Matangazo ya ofisi huifuta: makosa yalifanyika, fedha zilitumika, wakazi walihamishwa. Mwanafunzi aliyefunzwa kugeuza sentensi tu hatagundua kilichofutwa mpaka aambiwe aigeuze na akose pa kuanzia.

Jambo lililofuata silikupanga. Mwenzangu wa Kiswahili alikuwa akisahihisha meza ya pili, akasikia, akaingilia. Alimuuliza binti tofauti ya "vibanda vilivunjwa" na "vibanda vilivunjika". Hilo wanalijua tangu mnyambuliko wa vitenzi: kutendwa na kutendeka. Vilivunjwa, kuna mtu. Vilivunjika, ni vyenyewe, au haijalishi. Mwenzangu akasema, basi kile kifungu cha Kiingereza kiko upande gani?

Binti akafikiri kwa sauti. Alisema "were removed" ni kutendwa, kwa hiyo mtu yupo, ila hasemwi. Halafu akaenda mbele kuliko mimi nilivyotarajia: kama mwandishi angetaka kumficha mtu kabisa, angeandika "The stalls were gone". Hapo hakuna mtenda hata wa kumwazia. Kwa kuandika "were removed", mwandishi ameacha nafasi ya mtu ikiwa wazi, na msomaji anaiona nafasi hiyo ikiwa tupu.

Niliyokuwa nimeyaandaa kumfundisha ni kwamba kauli ya kutendwa huficha wenye mamlaka. Hiyo ni kweli nusu tu, na yeye ndiye aliyeifikia nusu ya pili: inaficha jina na kuonyesha kwamba pana jina lililofichwa. Kiswahili kilimsaidia kuliona kwa sababu kinatenganisha kauli hizo kwa viambishi, wazi kabisa, mahali ambapo kitenzi cha Kiingereza kama "broke" hakibadiliki umbo likivunjwa na mtu au likivunjika lenyewe. Nimekuwa nikiwaza tangu siku ile jinsi vipindi hivi viwili vinavyopishana mlangoni kila asubuhi, mwalimu mmoja akitoka mwingine akiingia, bila mmoja kumuuliza mwingine amefundisha nini.

Sentensi zilizosalia zilikwenda haraka zaidi. "Had been swept": alijua ni wakati uliopita timilifu, kitendo kilichokwisha kabla ya kingine. Kabla ya kipi? Kabla ya mwanamke kufika. Kila kitu kilikamilika bila yeye. "The town was clean": nilimuuliza ni nani anayesema hivyo. Msimulizi, alijibu. Nikamwambia aongeze mwanzo wa sentensi, "According to...", ajaze. Akaandika kaunti. Kisha akaandika mwanamke, akafuta, kwa maana haiwezekani mwanamke yule aite ule usafi. Hapo alikuwa amegusa kinaya: msimulizi ametamka neno la upande mmoja kana kwamba ni ukweli wa wote. Neno kinaya mwenyewe hakulitaja, nami sikumharakisha.

"The woman" lilimsumbua. Mtu anayetajwa kwa mara ya kwanza katika Kiingereza hutangulizwa na "a". Hiyo ni kanuni ya kidato cha kwanza, na nilidhani atasema mwandishi amekosea. Alisema, "Ni kama kusema yule mama. Kama vile tunamjua." Ndivyo. Anayeishi hapa anamjua.

Tukafika kwenye vitenzi. Nilimwagiza aorodheshe viima vyote vya kifungu na vitenzi vyake. Vibanda, hakuna lililosemwa, barabara, mji: vyote vinatendwa au vinaelezwa tu. Kisha mwanamke: akaja, akasimama, akasimama, akapima. Alitazama orodha, na jioni ile ile aliandika aya kwa Kiingereza ambayo kwa Kiswahili inasema hivi: mwandishi hatuambii nani aliyeondoa vibanda, sentensi ni ya kutendwa na haina mtenda, kwa hiyo wenye nguvu hawaonekani. Mwanamke ndiye kiima cha vitenzi vyake mwenyewe. Kwa hiyo mtu pekee anayeonekana ni yule aliyepoteza.

Ningeomba wenzangu waisome aya hiyo kando ya lile jibu la kwanza, "zinalifanya shairi livutie". Ni mtoto yule yule. Katika aya ya pili mtahini ana jambo lililotajwa, ana ushahidi kutoka kwenye kifungu, na ana maana inayotokana na ushahidi huo. Tena haiwezi kuhamishiwa kwenye kifungu kingine.

Kosa moja lilibaki: katikati ya aya alimwita mwanamke "he". Wengi wetu huku hukosea hapo, kwa kuwa "yeye" ya Kiswahili na "en" ya Dholuo hazitofautishi jinsia. Hilo halihusiani na uchambuzi. Ni la kusahihishwa wakati wa kusoma kazi upya kabla ya kuikabidhi. Vilevile alichanganya nyakati, "the writer shows" huku na "the woman was standing" kule. Desturi ya Kiingereza ni kuizungumzia kazi ya fasihi kwa wakati uliopo, nikamwachia hilo kama kanuni ya kufuata tu.

Baadaye tukahamia kwenye shairi, mahali alipoumia. Niliandika lingine fupi, la Dunga, ufuo wa wavuvi hapa Kisumu, kuhusu magugumaji yanapofunga Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria na mitumbwi ikabaki ufukweni:

"My father mends the net.
The boats do not go out; the weed is thick.
My father mends the net.
My brother says that there were fish."

Nilidhani atakaa kwenye mstari uliorudiwa. Aliupitia: "mends" ni wakati uliopo wa mazoea, baba anafanya hivyo kila siku, na mstari umerudi bila kubadilika kwa sababu hakuna kilichobadilika. Vizuri. Jibu la alama mbili, na ameendelea.

Mstari wa mwisho ndio uliomshika, tena kwa njia ambayo sikuifikiria nilipouandika. Aliugeuza kuwa usemi halisi, kwa mazoea ya sehemu ya sarufi. Kanuni anaijua: kitenzi cha kuripoti kikiwa katika wakati uliopita, nyakati za ndani hurudi nyuma hatua moja, kikiwa katika wakati uliopo, nyakati za ndani hubaki zilivyo. Hapa kitenzi ni "says". Kwa hiyo maneno ya kaka mwenyewe ni "There were fish". Kaka anazungumzia samaki waliokuwapo.

Kisha akajaribu upande wa pili bila kuambiwa. Kama shairi lingesema "My brother said that there were fish", maneno ya kaka yangeweza kuwa "There are fish". Kaka angekuwa ametoka ziwani na habari njema. Herufi chache tu, na shairi lingekuwa na tumaini ndani yake.

"Kwa hiyo kwa 'says' samaki wamekwisha," alisema. "Na baba bado anashona wavu."

Nimefundisha usemi wa taarifa miaka mingi, na sikumbuki kuuona ukifanya kazi hiyo. Kanuni ya kurudisha nyakati nyuma huchukuliwa na wanafunzi kama usumbufu uliobuniwa na watahini. Binti huyu aliitumia kuthibitisha hali ya shairi zima, na uthibitisho wake haupingiki kwa urahisi. Nilimwomba aueleze darasani wiki iliyofuata. Wavulana wa nyuma, ambao kwa kawaida husinzia shairi likitajwa, walibishana naye: mmoja alisema labda kaka ni mdogo na amesimuliwa tu. Hiyo pia ni hoja, kwa sababu "says that" haituambii alijuaje.

Njia hii ina hatari yake, na iliingia mapema. Baada ya kugundua kwamba umbo lina maana, binti akaanza kuona maana kila mahali. Kuhusu nukta-mkato katika mstari wa pili aliandika kwamba inawakilisha magugu yanayotenganisha mitumbwi na ziwa. Nilimrudisha kwenye chombo chake mwenyewe: weka nukta badala yake, soma tena, umepoteza nini? Alisoma, akakiri hajapoteza la maana. Basi liache. Jaribio hili linakata pande zote mbili, na ndiyo sababu nalipenda kuliko orodha ya mbinu. Kisichobadilisha kitu kikibadilishwa hakistahili aya.

Hatari nyingine ni saa. Dakika 150 kwa alama 80 ni chini ya dakika mbili kwa kila alama. Swali la alama nne lina kama dakika saba, kusoma na kuandika. Hawezi kugeuza kila sentensi. Tulikubaliana kwamba atasoma kifungu mara ya kwanza akitafuta sentensi moja tu inayokwenda kinyume na wenzake: fupi kati ya ndefu, ya kutendwa kati ya kutenda, wakati uliopo kati ya uliopita. Hiyo ndiyo ataigeuza kichwani, si kwenye karatasi, na kuandika kilichopotea. Mara nyingine sentensi hiyo haipo, au ipo na swali linauliza jambo lingine kabisa, sifa za mhusika kwa mfano. Hapo ajibu swali. Wanafunzi wenye mbinu mpya hupenda kuitumia hata pasipoulizwa, na mtahini hawezi kutoa alama kwa jibu la swali ambalo hakuliuliza.

Mwisho wa muhula karatasi ya pili ilikuwa hivi: ufahamu 14, dondoo 16, shairi 12, sarufi 13. Jumla 55. Sarufi ilishuka kwa alama moja, kwenye kihusishi baada ya kitenzi, jambo la kukariri tu. Ulikuwa mtihani mwingine wenye shairi jingine, na mwanafunzi ni mmoja. Sidai zaidi ya hayo. Ninachokiamini zaidi ya alama ni kwamba hakuna jibu lake hata moja la fasihi safari hii ambalo ungeweza kulibandika kwenye shairi lingine.

Naliandika hili sasa kwa sababu mambo yanabadilika. Gredi ya 10 ya kwanza imeingia sekondari ya juu Januari 2026, na humo Kiingereza ni somo la lazima kwa wote ilhali Fasihi ya Kiingereza imesimama peke yake, somo la kuchagua. KCSE ya mwisho ya 8-4-4 ni ya 2027. Wapo wanaofurahia utengano huo, na nazielewa sababu zao. Mwanafunzi wa hisabati na fizikia hatabebeshwa riwaya asizozitaka. Wasiwasi wangu ni kwa watakaobaki na Kiingereza peke yake. Sarufi ikifundishwa bila maandishi ya kuitumia juu yake, tutapata watu wa 14 kwa 15 wanaosoma tangazo la kuhamishwa kwa vibanda vyao na kuona tu kwamba limeandikwa kwa Kiingereza sanifu. Hakuna mtaala unaomkataza mwalimu wa Kiingereza kuleta aya moja ya hadithi katika kipindi cha kauli ya kutendwa. Ni dakika kumi.

Binti mwenyewe hajamaliza. Karatasi ya tatu bado inamshinda. Insha ya kitabu teule humtaka ajenge hoja juu ya riwaya nzima, tena bila kitabu mkononi, na njia ya sentensi moja moja haitoshi huko. Anaishia kusimulia hadithi kutoka mwanzo hadi mwisho. Tunachojaribu kwa sasa ni daftari: kwa kila sura anaandika mahali pamoja ambapo mhusika mkuu ni kiima cha kitenzi kizito, na mahali pamoja ambapo mhusika huyo anatendwa na wengine, kisha kwa sentensi moja anasema nini kimebadilika tangu sura iliyotangulia. Amefika sura ya nne, na kutoka hizo nne ameshapata hoja mbili za insha ambazo hazimo katika mwongozo wowote nilioupitia. Juzi aliniuliza kama anaruhusiwa kutumia usemi wa taarifa pale asipokumbuka maneno kamili ya mhusika. Nimemwambia ndiyo, mradi asiweke alama za mtajo kwenye maneno asiyo na hakika nayo, na mradi aangalie kitenzi anachoripotia, "says" au "said", kabla hajaendelea.